Vipande Visivyouzika

Nyuma ya soko la mtaa wetu, pale njia inapobanwa na ukuta wa ghala, banda la wale ndugu wawili ulilijua kabla hujaliona. Moshi ulikulaki mbali. Ulikuingia kwenye nguo na kukufuata hadi nyumbani, na wa nyumbani wakajua ulikopita kabla hujafungua mdomo.

Lilikuwa banda la mabati, limeshika masizi hata misumari haionekani. Ndani mlikuwa na mapipa ya maji ya chumvi, meza ndefu ya kupasulia samaki, na majiko ya matofali yenye nyavu za waya zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Samaki walikuja na lori. Wakapasuliwa, wakalazwa kwenye chumvi, wakapanda juu ya nyavu, wakashuka wekundu na wakavu kama kuni, tayari kusafirishwa kwenda kwa watu wasio na barafu wala umeme.

Mkubwa wa ndugu hao tulimwita Vipande. Samaki aliyevunjika mkia au kuungua ubavu hakupelekwa sokoni, maana mnunuzi hataki kilema. Vipande hivyo visivyouzika ndugu hao waligawana jioni, kila mmoja akabeba vyake nyumbani, na yule mkubwa akabeba hata vile ambavyo mdogo wake alivikataa. Utotoni aliwahi kulala njaa, na mtu wa namna hiyo hawezi kuona chakula kikitupwa. Majirani walipomwona na kifurushi chake walimuuliza kama leo kuna vipande, na jina likamganda.

Mdogo tulimwita Pacha. Hawakuwa mapacha, walipishana miaka kadhaa, ila ukimwona mmoja ungemtafuta wa pili kwa macho. Banda waliachiwa na baba yao, ambaye alikufa kwa tumbo. Ndivyo walivyosema nyumbani kwao, alikufa kwa tumbo, kama mtu anavyosema fulani alikufa kwa ajali, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Vipande alikula alichofanyia kazi. Asubuhi kipande na chai kavu. Mchana, amesimama mezani, mikono ingali na magamba, kipande juu ya wali uliolala. Jioni mchuzi wa vipande. Na katikati ya siku alikuwa akichovya kidole kwenye pipa na kukilamba, ndiyo njia aliyofundishwa na baba yake ya kujua kama chumvi imekolea. Ulimi wake ulizoea hata chakula cha watu wengine akakiona maji matupu. Nyumbani alinyunyiza chumvi kwanza, ndipo akaonja. Mkewe alikuwa akitutania kwamba mume wake ukimpa asali ataitia chumvi ndipo ajue kuwa ni tamu.

Mboga za majani alisema ni za mbuzi. Matunda aliwanunulia watoto, akawamenyea machungwa kwa kisu cha kazi, ganda likishuka refu bila kukatika, na yeye asionje hata kidogo. Sigara alivuta, kama mdogo wake, na ukimsema alikujibu kwamba mtu anayeshinda ndani ya moshi, moshi wa sigara hautamtambua.

Hakuwa mlafi, na hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye mazoea, na mazoea yana taabu.

Kiungulia kilimwanza pole pole. Alinunua dukani vile vidonge vyeupe vya kutafuna, akawa navyo mfukoni kama peremende. Baadaye akaanza kushiba haraka. Akila matonge machache anahisi tumbo limejaa hadi kooni, naye akalaumu chai, akalaumu uzee, akalaumu aina mpya ya kuni waliyoletewa. Suruali zikamlegea. Akatoboa mkanda tundu jingine kwa msumari, na baadaye jingine.

Nyumbani sahani ilirudi jikoni karibu kama ilivyokwenda. Mkewe alipouliza, alijibu kwamba amekula bandani. Bandani Pacha alipomkaribisha, alijibu kwamba ametoka nyumbani ameshiba. Hivyo kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayemlisha, na katikati ya hao wawili mtu akawa anakonda.

Ukweli ulikuja kufichuka siku mkewe alipokwenda bandani kumlalamikia shemeji yake. Alisimama mlangoni kwa sababu ya moshi, akafunika pua na ncha ya khanga.

"Shemeji," alisema, "mpunguzie mwenzio kula huku. Nyumbani nimekuwa napika kwa ajili ya paka."

Pacha aliweka kisu chini. "Huku hali kitu, shemeji. Kila siku ananiambia wewe umemshibisha."

Wote wawili wakageuka kumtazama. Yeye alikuwa kwenye jiko la mwisho, amewapa mgongo, akigeuza samaki, na shati limemning'inia mabegani kama lililotundikwa ukutani. Bila shaka aliwasikia. Aliendelea kugeuza samaki mpaka safu ikaisha, ndipo akasema bila kuwatazama kwamba kesho atakwenda hospitali, na wasimpigie kelele.

Aliyempeleka ni binti yake mkubwa, aliyekuwa ameolewa upande wa pili wa mji. Huyu alikuwa na ugomvi wa muda mrefu na baba yake juu ya chakula. Mumewe alikuwa na shinikizo la damu, kwa hiyo kwake walipika kwa chumvi ya kuhesabu, na Vipande akienda kumtembelea mkwe alibeba chumvi yake mfukoni, imefungwa kwenye karatasi, jambo lililomkera binti na kumchekesha mkwe.

Hospitali walimpitishia kamera tumboni. Alituambia baadaye kuwa ni mpira mwembamba wenye jicho mbele, unaumeza huku machozi yanakutoka, na mtu mwingine anakaa akitazama utumbo wako kama anatazama mpira wa miguu. Walikata kinyama kidogo, wakamwambia asubiri. Majibu yalipotoka daktari aliomba waingie wote, mgonjwa, mkewe na binti. Mkewe alisema alijua pale pale, kwa kuwa habari njema hawaziitii ukoo.

Ilikuwa kansa ya tumbo, na ilikuwa imekwisha kupanda hadi kwenye ini. Kupasua kusingesaidia. Zilikuwapo dawa za kumpunguzia maumivu, na nyingine za kujaribu kuchelewesha, lakini daktari, mwanamke wa makamo mwenye sauti ya chini, hakuwadanganya.

Binti ndiye aliyeuliza kama ni samaki. Daktari akaanza yeye kuuliza: baba anakula nini, tangu lini, anavuta, kuna ndugu aliyewahi kuugua tumbo. Alisikiliza yote. Kisha akaeleza kwamba chumvi nyingi, mwaka baada ya mwaka, huchubua ngozi ya ndani ya tumbo, na vyakula vya kukaushwa kwa moshi na chumvi vina vitu ambavyo havipendani na jeraha hilo. Sigara nayo huongeza. Kuna vijidudu ambavyo watu wengi wanavyo tumboni tangu utoto bila kujua, vinakaa vikila ukuta kidogo kidogo, na hivyo ndivyo hasa madaktari wanavyoviogopa. Kuna na damu ya ukoo. Anayekula matunda na mboga kwa wingi huonekana kuwa na nafuu kidogo, ingawa naye hana hati ya kinga.

"Siwezi kukuonyesha kitu kimoja nikakwambia ndicho hiki," alisema. "Kila kimoja kilileta kuni zake."

 Vipande aliuliza kitu kimoja tu.

"Mdogo wangu amekula nilichokula mimi, sahani moja, miaka yote. Mbona yeye mzima?"

"Watu wawili hunyeshewa mvua moja, mzee wangu, akaugua mmoja," daktari alijibu. "Lakini angekuwa ndugu yangu mimi, ningemleta apimwe."

Pacha alipoambiwa hayo hakulia, alikasirika. Samaki hao, alisema, ndio waliowalea, wakawasomesha watoto wao na kuwajengea nyumba. Leo mtu mwenye koti jeupe aje aseme kwamba baba yao aliwarithisha sumu? Kwake, kukisema chakula kile ilikuwa kumsema marehemu. Alichukua mkia uliokuwa mezani, akautafuna mbele ya kaka yake pole pole, miiba na vyote, akimkazia macho. Akamwambia, "Mimi huyu hapa."  Vipande alimtazama mdogo wake akila kama mtu anayetazama gari likishuka mlima bila breki.

Miezi iliyofuata nyumba ile ilibadilika. Binti alihamia kwa muda, na chumvi ikafichwa. Mkewe alichemsha viazi, akaponda maboga, akasaga mapapai, akampelekea mumewe kijiko kwa kijiko kama mtoto. Alikuwa akipambana. Sisi majirani tulimwona akirudi sokoni na vikapu vya mboga, amekaza uso, wala hakuna aliyethubutu kumwambia kwamba mgonjwa anazidi kuisha. Wapo waliosema kuna mtu amemtupia jicho. Mkewe hakuwasikiliza. Angefurahi, alisema, kama lingekuwa jicho la mtu mwingine, maana kilichokuwa kikimtafuna yeye ni mkono wake mwenyewe. Ni yeye aliyepika. Miaka yote hiyo ni yeye aliyeinjika sufuria.

Siku moja mgonjwa aliomba chumvi. Mke akamkatalia kwa upole, na yeye hakubishana, aligeukia ukuta tu. Walipokwenda kliniki mke akashitaki kwa daktari, akitegemea kuungwa mkono. Daktari akamwambia ampe anachotaka, chochote kitakachoshuka.

Siku waliyotajiwa kansa mama huyu hakutoa chozi. Siku hiyo ya kuruhusiwa chumvi ndiyo aliyolia, kwenye ngazi za hospitali, amekaa chini na kikapu mapajani, kwa sababu alielewa alichoambiwa. Jioni alimwekea mumewe chumvi pembeni ya sahani. Vipande akachovya kidole, akalamba, akakunja uso. Ulimi ulikuwa umekufa. Alisema haina ladha, akasukuma sahani.

Kilichofuata kilitushangaza wote. Asubuhi moja tulimwona anatembea na fimbo, hatua fupi fupi, akisimama kwenye kila ukuta. Alifika bandani, akakaa juu ya kreti tupu mpaka pumzi ikamrudia, akamwambia mdogo wake kwamba anaomba amsindikize zahanati. Pacha alikuwa na samaki kwenye jiko. Hakuuliza lolote. Alinawa mikono, akavua aproni, akamwachia kazi mzee mmoja aliyekuwa akiwapasulia kuni, akamshika kaka yake kwapa, wakaondoka.

Zahanati ilikuwa imejaa. Walikaa kwenye benchi, mmoja mnene na mwenye afya, wa pili mifupa mitupu, na zamu yao ilipofika muuguzi alimwinamia yule aliyekonda akamuuliza anaumwa nini. Vipande akanyoosha kidole kwa mdogo wake.

"Mgonjwa ni huyu. Mimi nimemsindikiza."

Pacha alisimama kwa hasira, na watu wakageuka. Angeweza kuondoka, ila angeondoka vipi na kumwacha mtu asiyeweza kufika hata langoni peke yake? Kaka yake alilijua hilo tangu alipoamka.

"Umenihadaa, kaka."

"Nimekuhadaa," Vipande alikubali. "Baba alikwenda kwa tumbo. Mimi naondoka kwa tumbo. Sijui ni samaki, sijui ni damu yetu, na sina muda wa kujua. Kaa chini upimwe, mdogo wangu. Nikikuomba mara ya pili nitakuwa sina sauti."

Pacha akakaa. Muuguzi alieleza kuwa kipimo ni cha choo, akampa kikopo kidogo chenye kifuniko. Pacha alikigeuza mkononi, akamtazama kaka yake, akasema kwamba umri wote huu yeye amekuwa akimgawia kaka vipande, leo anatumwa akatafute vya kujaza kikopo. Vipande akaanza kucheka, akacheka mpaka akashika tumbo kwa maumivu, na Pacha naye akacheka, watu wazima wawili wakapigana mabega kwenye benchi la zahanati kama watoto. Aliyetuambia ni jirani aliyekuwa amekaa nyuma yao. Alisema alicheka nao, kisha akajikuta anafuta macho.

Vijidudu vilionekana. Walimpa Pacha vidonge vya aina kadhaa vya kumeza pamoja, na tangu siku ya kwanza mdomo wake ukawa na ladha ya chuma na chakula kikamchefua. Alitaka kuviacha. Kilichomzuia ni kwamba kila asubuhi, kabla ya kufungua banda, alipitia kwa kaka yake, na kaka yake hakusalimia, aliuliza tu kama amemeza. Mtu hawezi kumdanganya anayekufa. Akavimaliza.

Kwa sababu ya baba na kaka, wakamtuma naye kwenye ile kamera. Tumbo lake walilikuta limechubuka na limevimba, lakini hakukuwa na kansa. Waliandika kuwa arudi kila mwaka watazame, aache sigara, apunguze chumvi na vya moshi. Alikwenda moja kwa moja kutoka hospitali hadi kitandani kwa kaka yake akamweleza. Vipande wakati huo hakuwa akisema sana. Alifumba macho, akasema, "Basi."

Alifariki siku chache baadaye, mchana, mkewe akiwa anamlowesha midomo kwa pamba. La kuvunda halina ubani, walisema wazee waliokuja kuzika, na nadhani walitaka kufariji, ila binti aliposikia alitoka akaenda kukaa uani. Yeye aliamini lilikuwa na ubani, tena mapema, kama mtu angesema tumbo linauma pale lilipoanza kuuma.

Banda bado lipo. Watu watakula nini, na Pacha angejua kazi gani nyingine? Samaki wanaingia, wanatoka. Lakini vipande havibebwi tena nyumbani, anavichukua mtu wa chakula cha kuku. Maji ya chumvi Pacha hayaonji kwa ulimi siku hizi, huyapima kwa kiazi, kikielea yametosha. Mchana anafungua kibakuli alichofungiwa na mkewe, maharage, majani, ndizi mbivu, anakula upande wa nje wa banda, na hali kama mtu anayefurahia. Anakula kama mtu anayelipa.

Wateja wengine wamemchoka. Akiwafungia samaki huwaambia wawaloweke kwanza, wamwage yale maji, na wasiwale kila siku, wachanganye na vitu vibichi. Kuna mwanamke alimuuliza kama anauza au anafukuza watu. Yeye alimfungia mzigo wake. Tukikaa naye hutuambia kwamba jambo asiloliweza ni kulala bila kujiuliza kwa nini yeye alibaki. Walikula sahani moja. Wakati mwingine anafikiri kwamba kaka yake, kwa kubeba vile alivyovikataa yeye, alimlia sehemu yake. Tumemwambia kansa haigawanywi hivyo. Anaitikia kwa kichwa.

Mjane naye, binti yake amemwambia tena na tena maneno ya daktari hata ameyakariri: kuni nyingi, hakuna kitu kimoja. Anayasema vizuri kabisa, na siku ya pili anauliza upya kama angetia chumvi kidogo tangu walipooana ingekuwaje.

Mwaka ulipotimia Pacha alikwenda kwenye kamera peke yake. Alilala ubavu, akameza ule mpira, akatoka na kauli kwamba uvimbe umepungua, hali si mbaya, arudi tena mwakani. Nje ya lango alisimama asijue pa kuelekea, kwa kuwa mtu ambaye angempelekea habari hiyo kwanza hakuwapo. Mwishowe akaenda kwa shemeji yake. Alimkuta anachambua mboga uani, akamweleza.

Mjane alimshukuru Mungu, akamtengea kiti. Aliendelea kuchambua, akaweka majani mabovu upande. Kisha akauliza, bila kuinua kichwa, "Na yeye je, shemeji? Angepimwa wakati ule wa vidonge vyeupe, angekuwapo?"

Pacha alifikiri kumwambia hapana, ili apumzike. Akafikiri kumwambia huenda, kwa kuwa huo ndio ukweli.  Badala yake alivuta ungo karibu, akamsaidia kuchambua mpaka zikaisha, akaaga, akarudi bandani, kwa kuwa lori la samaki lilikuwa limekwisha kufika.